Milioni 10 zilizoishia kwenye jamvi: makadirio ya nyumba ya vyumba vitatu kwenye mteremko

Kiwanja kipo Goba, Dar es Salaam, upande wa vilima. Mwenye nyumba ana ramani ya vyumba vitatu, sebule, jiko na choo. Fundi mkuu amempa karatasi ya makadirio: tofali za inchi 6 zipatazo 1,800, saruji mifuko 130, mchanga tripu 2, kokoto tripu 3, mawe tripu 3, nondo, na ufundi shilingi milioni 2. Jumla milioni 10, na kwa hizo ukuta unafika kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Pesa iliisha kwenye jamvi, yaani zege la sakafu. Kifusi, yaani udongo wa kujazia ndani ya msingi, kimeshindiliwa, mawe yamepangwa, saruji iliyobaki haitoshi kumwaga vyumba vyote, na pembeni zimerundikwa tofali 370 hivi ambazo ni chache mno kuanzia ukuta.

Kisa cha namna hii kinajirudia mno, ndiyo maana kinafaa kujifunzia. Vipimo vimewekwa kwenye tarakimu za mviringo ili hesabu ifuatike, na bei ni za mfano. Weka za dukani kwako. Watu wengi wakisikia pesa imeisha njiani huuliza mambo mawili: je, saruji ilipanda, au fundi aliiba? Hapa hakuna lililopanda wala kilichoibwa. Kilichokosekana ni vipimo.

Nyumba yenyewe, ukipima katikati ya kuta, ni mita 11 kwa 9. Kuta za nje zina mita 40. Kuta za ndani zina mita 28. Jumla ni mita 68, na hiyo ndiyo tarakimu inayobeba karibu hesabu nzima, kuanzia mtaro hadi lenta. Fundi aliipata sawasawa. Tatizo lilianza alipoanza kuizidisha.

Tuanze na mtaro. Upana ni sentimita 60, kina 90. Ukizidisha mita 68 moja kwa moja utakuwa umehesabu makutano mara mbili, kwa sababu mtaro wa ndani unapogusa wa nje, sentimita 30 za mwisho zimekwisha kuchimbwa. Kuna makutano 8, kwa hiyo toa mita 2.4, zibaki 65.6. Mkanda wa zege wa chini ya mtaro, wa unene wa sentimita 20, unakuwa 65.6 × 0.6 × 0.2, yaani mita za ujazo 7.9. Kwa mchanganyiko wa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto), kila mita ya ujazo inakula mifuko 4.4 ya kilo 50. Mifuko 35. Fundi aliandika 35.

Namba hiyo 4.4 haikutoka hewani. Vifaa vikavu vikichanganywa na maji vinashuka, kwa hiyo kupata mita 1 ya ujazo ya zege unahitaji kama mita 1.54 za vifaa vikavu. Gawanya kwa 10 (moja jumlisha tatu jumlisha sita), saruji inapata 0.154. Zidisha kwa kilo 1,440, uzito wa mita ya ujazo ya saruji, halafu gawanya kwa 50. Kwa 1:2:4 unagawanya kwa 7 na unapata mifuko 6.3. Mtu akishika hesabu hii moja hahitaji tena kukariri jedwali la mtu.

Hadi hapo karatasi ni nzuri. Inaharibika kwenye ukuta wa msingi.

Fundi alichukulia kwamba kiwanja ni tambarare. Kwenye tambarare, ukuta wa msingi una sentimita 70 ndani ya ardhi na 30 juu yake, yaani mita 1. Akazidisha 68 × 1 × 8.5, akapata tofali 578. Kumbe kuna makosa mawili ndani ya mstari huo mmoja.

La kwanza ni mteremko. Kutoka nyuma ya nyumba hadi mbele ardhi inashuka mita 1.2. Sakafu ni moja na haishuki na ardhi, kwa hiyo ukuta wa msingi wa nyuma una mita 1 na wa mbele una mita 2.2. Wastani ni 1.6. Eneo la ukuta linatoka mita za mraba 68 hadi 108.8.

La pili ni namna tofali inavyolala. Tofali ya inchi 6 ina sentimita 45 kwa 23 kwa 15. Ukiisimamisha, kozi (mstari mmoja wa tofali) ina kimo cha 23, ukuta una unene wa 15. Pamoja na sentimita 2 za udongo wa kujengea (saruji na mchanga), tofali moja inafunika 0.47 × 0.25, kwa hiyo mita ya mraba inakula tofali 8.5. Lakini msingi huu ulijengwa kwa kulaza, kama ilivyo kawaida ya misingi mingi, ili ukuta uwe na unene wa 23. Tofali iliyolazwa ina kimo cha 15 tu. Inafunika 0.47 × 0.17. Mita ya mraba inakula tofali 12.5, karibu mara moja na nusu. Fundi anajua kabisa kwamba msingi unalazwa, na alilaza yeye mwenyewe. Ila alipokaa na kalamu alitumia namba ya ukuta wa juu kwa sababu ndiyo aliyoizoea.

Hesabu sahihi ni 108.8 × 12.5, tofali 1,360. Ongeza asilimia 5 ya zinazovunjika na vipande vya pembeni, zinakuwa 1,428. Kutoka 578. Hapo tu zimepotea tofali 850, na hata chumba kimoja hakijasimama.

Inafaa kuona tofauti hiyo kwa shilingi kwa kila mita ya mraba, maana ndivyo mkadiriaji majenzi anavyofikiri. Tofali shilingi 1,400, saruji 17,000, tripu ya mchanga ya mita za ujazo 7.2 kwa 200,000, ufundi wa kujenga 400 kwa tofali. Ukuta uliolazwa: tofali 13.1 pamoja na zinazoharibika ni 18,375; saruji robo mfuko kasoro kidogo ni 3,834; mchanga 1,298; ufundi 5,000. Jumla 28,500 hivi. Ukuta uliosimamishwa, kwa njia hiyohiyo, ni 18,500. Ukishazipata bei hizi mbili mara moja, makadirio ya ukuta wowote yanabaki kuwa kazi ya futi kamba. Na bei ya kitu kimoja ikibadilika, unagusa mstari mmoja badala ya kuanza upya.

Ukuta wa juu una kichekesho chake. Fundi alipiga 68 × 2.1 × 8.5, akapata 1,214, bila kutoa milango wala madirisha. Milango 8 ya 0.9 kwa 2.1 na madirisha 8 ya 1.5 kwa 1.2 ni mita za mraba 29.5. Ukitoa, unabaki na 113.3, na pamoja na asilimia 5 unahitaji tofali 1,011. Huku alizidisha tofali 203. Kosa hili lilifunika sehemu ya lile la msingi, ndiyo maana 1,800 ilionekana namba ya kuaminika kwa kila aliyeiangalia. Mahitaji halisi hadi kwenye lenta ni 2,439. Na kozi 3 za juu ya lenta, ambazo mwenye nyumba alidhani zimo kwenye neno boma (kuta zote hadi chini ya paa), zinataka nyingine 455. Karatasi ilisema lenta. Kila mmoja alisoma alichotaka.

Sasa kifusi. Kwenye karatasi hakimo kabisa, hata mstari.

Kwenye tambarare kingekuwa kidogo mno: sentimita 30 za juu ya ardhi, ukitoa jamvi la 10 na mawe ya 15, zinabaki sentimita 5. Kwenye mteremko wetu wastani wa kimo juu ya ardhi ni 90, kwa hiyo kinabaki kina cha 65. Ongeza 15 za udongo wa juu wenye mizizi na majani, ambao ni lazima uondolewe. Eneo la ndani, ukishatoa unene wa kuta, ni mita za mraba 88. Zidisha kwa 0.8: mita za ujazo 70. Mtaro unatoa ziada ya kama 18, baada ya kurudishia pembeni mwa msingi, na udongo huo ukiwa mzuri unaingia ndani. Zinabaki 52 za kununua.

Lakini hizo 52 ni za udongo uliokwisha kushindiliwa. Kwenye lori unakuja umelegea, na ukishindiliwa unashuka. Ukizidisha kwa 1.3, unahitaji mita 68 za lori, yaani tripu 10. Kwa 150,000 kila moja ni milioni 1.5, bila vibarua wa kusambaza na kushindilia kwa tabaka. Tabaka lisizidi sentimita 15 hadi 20 kwa mkono, na maji yanyunyiziwe. Anayemwaga tripu zote kwa mkupuo na kushindilia juu tu ataokoa siku mbili, kisha jamvi litamkatikia katikati ya sebule kifusi kikishuka baadaye.

Neno tripu nalo lina hatari yake. Tripu si kipimo. Bodi ya lori ikiwa na mita 4 kwa 2 na kimo cha 0.9 inabeba 7.2, jirani yake lenye kimo cha 0.7 linabeba 5.6 na dereva anataka bei ileile. Panda na futi kamba kabla halijamwaga. Mchanga una ujanja wa zaidi: ukiwa na unyevu unavimba, na asilimia 20 ni jambo la kawaida. Hesabu ya kisa hiki inataka mita za ujazo 16.7 za mchanga mkavu. Uliovimba ni 20, yaani tripu 3 na si 2.

Saruji, ambayo kila mtu anaulizia bei yake kabla ya kitu kingine, ilikosewa kidogo tu ukilinganisha na tofali na kifusi. Mkanda wa zege unapanda ngazi kufuata mteremko, na kila ngazi zege la juu lazima lilalie la chini kwa mara mbili ya kimo cha ngazi, na isipungue sentimita 30. Kwa ngazi 7 za kozi moja moja kwenye mistari 4 inayoshuka, hiyo ni mita 9.5 za ziada, mita za ujazo 1.1, na mifuko ya mkanda inafika 40. Udongo wa kujengea msingi unataka 25, jamvi 58, ukuta 13, lenta 14. Jumla 150 dhidi ya 130. Mifuko 20 tu.

Ila saruji ina mahali pawili inapovuja wakati wa kazi, hata makadirio yakiwa sahihi. Pa kwanza ni unene wa udongo kati ya tofali. Fundi akiweka sentimita 2.5 badala ya 1.5, tofali zinapungua kwa asilimia 6 hivi, lakini udongo unaongezeka kwa karibu asilimia 60. Mfuko uliokuwa ujenge tofali 100 hivi unajenga 60. Pa pili ni jamvi. Sentimita 1 ya ziada kwenye mita za mraba 88 ni mifuko 5 na nusu, na sentimita hiyo huingia kimyakimya pale mawe yakipangwa bila kusawazishwa. Vigingi vya levo kila mita 2 vinagharimu vipande vya mbao tu.

Kwenye lenta makosa ni madogo lakini yanafundisha. Nondo 4 za milimita 12 kwa mita 68 ni mita 272. Fundi aligawanya kwa 12, akapata vipande 23. Nondo haziungani kwa kugusana vichwa. Zinapishana mara 40 ya unene wake, karibu nusu mita. Kila kipande kinafaa mita 11.5, na kona zinataka mikunjo, kwa hiyo 27. Ringi (nondo nyembamba zinazokunjwa kuzifunga zile 4) za milimita 8 kila sentimita 20 ni 340, kila moja sentimita 65, na kipande kimoja kinatoa 18: vipande 19. Hapo alipatia. Dukani pima uzito. Nondo ya 12 yenye urefu wa mita 12 ina kilo 10.66, ikisoma kilo 9, umeuziwa ya milimita 11. Hesabu ya uzito ni unene mara unene, gawanya kwa 162, na jibu ni kilo kwa mita.

Mbao za kumwagia lenta hazikuandikwa kabisa. Pande mbili za mita 68 ni mita 136, vipande 38 vya futi 12, na vingine 6 vya chini ya lenta, pale inapopita juu ya milango na madirisha. Vinaweza kutumika mara mbili lenta ikimwagwa kwa awamu, lakini hesabu ya awali lazima ivione. Kwenye ujenzi wetu vitu vinavyosahaulika ni vile visivyobaki kwenye nyumba: mbao, mirunda, maji, ulinzi, choo cha mafundi, usafirishaji.

Pengo lote, kwa bei za mfano, liko hivi:

Kifusi tripu 10: 1,500,000
Kukisambaza na kushindilia, vibarua 8 kwa siku 3: 480,000
Tofali 647 zilizopungua: 905,800
Ufundi wa kuzijenga: 258,800
Saruji mifuko 20: 340,000
Mbao za lenta vipande 44: 264,000
Mchanga tripu 1: 200,000
Maji, maboza 2: 160,000
Nondo 4: 96,000

Inakuja milioni 4.2. Nyumba ilihitaji milioni 14.2 kufika lenta, si 10. Mistari minne ya kwanza ni robo tatu ya pengo, na yote imetokana na mambo mawili: mteremko ambao haukupimwa na tofali iliyolazwa ikahesabiwa kama imesimama. Asilimia 5 au 10 ya dharura, ambayo watu huongeza mwishoni wakajiona wamejikinga, ingeleta laki 5 hadi milioni 1. Akiba hiyo ni ya mvua kubwa, mwamba ndani ya mtaro, bei kupanda kidogo. Kitu kizima kilichoachwa nje ya karatasi haiwezi kukifunika.

Kupima mteremko kungechukua nusu saa. Mpira mwembamba unaopitisha mwanga wa mita 15, ujaze maji, toa mapovu yote kwa kuulaza na kuunyanyua polepole, kwa sababu povu moja linatosha kudanganya. Simamisha kigingi nyuma na kigingi mbele. Mtu mmoja kila upande ashike ncha ya mpira kwenye kigingi chake, maji yakitulia kila mmoja aweke alama. Alama hizo mbili ziko kwenye levo moja. Pima kutoka alama hadi ardhini kila upande, toa ndogo kwenye kubwa. Rudia kwa kona zote 4, maana kiwanja huweza kushuka na kwa ubavu pia.

Na ukishajua kuwa ni mita 1.2, unakuwa na uamuzi wa kufanya kabla ya kununua hata tofali moja. Hapo ndipo makadirio yanapolipa. Nyumba ilikuwa imekaa vizuri tayari, upande mrefu ukikatisha mteremko. Ingegeuzwa, mita 11 zikashuka na kilima, tofauti ingefika karibu 1.5. Ambalo lingefaa kufikiriwa ni kuchimba nyuma sentimita 60 na kushusha sakafu kwa kiasi hicho. Nusu ya nyuma inarudi kwenye ukuta wa msingi wa mita 1, nusu ya mbele inakuwa na wastani wa 1.3. Tofali za msingi zinapungua kama 380, na udongo unaochimbwa nyuma ukiwa mzuri unakwenda mbele, kifusi cha kununua kinakaribia kuisha. Gharama yake ipo: nyuma lazima pabaki nafasi ya kupita na mfereji wa kukata maji yanayoshuka kutoka juu, na kingo ya udongo isiporomoke ukutani. Kwa kiwanja chenye nafasi nyuma, tungeshauri hivyo. Kwa kiwanja chembamba ambacho jirani amejenga mpakani, hapana. Usichimbe chini ya msingi wa mtu.

Nyumba kama hii si lazima itafutiwe bili ndefu ya kurasa nyingi. Mkadiriaji aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi atakufanyia mchanganuo kwa siku chache, na ada yake ipimwe dhidi ya milioni 4.2. Asiye na uwezo huo amwambie fundi aandike kila mstari kwa vipimo: urefu, kimo, unene, idadi kwa mita, halafu bei. Karatasi iliyoandikwa "tofali 1,800" huwezi kuikagua. Iliyoandikwa "68 × 1.0 × 8.5" hata mwenye nyumba asiyejua ujenzi angeuliza: kwani mbele kule, ukuta una mita moja kweli?